Ioni: chembe iendayo

Neno ioni, ambalo Michael Faraday alilitumia mwaka 1834 likitokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kwenda, hutaja atomu au molekuli yenye chaji ya umeme. Maana hiyo ya mwendo hudhihirika zaidi pale ambapo, kabla ya spektrometa kupima tungamo, ioni husukumwa na uga wa umeme ndani ya neli yenye gesi, kama vile naitrojeni, na zilizotanuka zikachelewa nyuma ya zilizojikunja kwa kuwa hugongana zaidi na gesi, hata tungamo na chaji zikilingana. Neli ndefu hutenganisha vyema, lakini, kwa bahati mbaya, ioni nyingi hutawanyika na kupotelea ukutani, hivyo mafundi huizungushia neli pete zenye volteji ya masafa ya redio, inayozizuia zisiukaribie.