Upimaji wa paranoya katika hali za kila siku

Paranoya ni hali ya mtu kuamini, pasipo sababu ya kutosha, kwamba wengine wanamkusudia mabaya. Zamani ilihesabiwa zaidi kuwa dalili ya maradhi makubwa ya akili. Siku hizi inajulikana kwamba dhana hizo huwapata hata watu wazima wa afya, ndiyo maana zikatafutiwa vipimo.

Mwaka 1992 Allan Fenigstein na Peter Vanable walitoa dodoso lenye vipengele 20, lililojaribiwa kwa wanafunzi wa vyuo nchini Marekani. Dodoso peke yake lina kasoro kubwa: anayesema anaandamwa huenda anaandamwa kweli. Mkazi wa mtaa wenye vibaka, asiyemwamini anayemfuata nyuma usiku, hana paranoya, ana hadhari.

Daniel Freeman na wenzake wa London walilipatia tatizo hili ufumbuzi mzuri mno. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, watu 200 wa kawaida walivishwa vifaa vya uhalisia pepe, wakajikuta ndani ya behewa la treni ya chini ya ardhi kwa takriban dakika 4. Abiria wenzao walikuwa picha za kompyuta, zilizoundwa zisioneshe uadui: wanapumua, wanageuza macho huku na huko. Picha haina nia. Kwa hiyo shuku yoyote iliyozuka ilitoka kwa mtazamaji mwenyewe. Wengi waliwaona abiria hao wema au wa kawaida tu, lakini karibu watu 4 katika kila 10 walipata angalau dhana moja ya kuandamwa. Wenye wasiwasi mwingi walielekea huko zaidi.

Kwa hali ya papo hapo kama hiyo, kundi la Freeman lilitunga kipimo cha sentensi 20, kikatolewa mwaka 2007. Zinazohesabiwa ni 10 tu, kila moja ikipewa alama 1 hadi 5. Nyingine, zinazohusu kuwaona watu wema au wasiojali, zimechanganywa humo ili mjibuji asikisie kinachotafutwa.

Kipimo kingine, cha Green na wenzake cha mwaka 2008, huuliza kuhusu mwezi mzima uliopita. Kina sentensi 32 katika sehemu mbili: ya kwanza ni ya anayehisi anasemwa na kuangaliwa, ya pili ni ya anayehisi anatafutwa adhurike. Kutenganisha hivyo ni jambo la maana sana, kwani wanaohisi kusengenywa ni wengi kuliko wanaohisi kuwindwa.