Wazimu Uliotoka Tumboni

Kwetu Biryogo, mtaa wa Kigali, msichana akianza ghafla kusemezana na ukuta, hakuna aliyefikiria tumbo lake. Shehe aliitwa amzingue. Bibi fulani angenong'ona kwamba karogwa, na mjomba angetumwa kimyakimya kwa mupfumu, mganga wa kienyeji. Siku zikipita, binti hali wala halali, ndipo ukoo ungekubali, kwa shingo upande, kumpeleka Ndera, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Ndera iko mashariki mwa Kigali, Gasabo. Hospitali ile ilianzishwa mwaka 1968 na Mabruda wa Charité, shirika la Kikatoliki lenye asili ya Ubelgiji, na wagonjwa wa kwanza wakapokelewa 1972. Mpaka leo ukikorofishana na mtu sokoni atakuambia mahali pako ni Ndera. Mimi, muuguzi mstaafu, tusi hilo halinichekeshi: Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari, Watutsi waliokimbilia humo waliuawa pamoja na wagonjwa.

Ninaowawaza siku hizi ni wale ambao wazimu wao haukuanzia kichwani. Ili kuwaelewa, tuanzie mbali kidogo: mwaka 1948 Derek Denny-Brown, daktari mzaliwa wa New Zealand, alieleza habari za wagonjwa wawili wa saratani ya mapafu waliopoteza hisi za mwili, ilhali saratani yenyewe haikuwa imefika kwenye mishipa ya fahamu iliyoharibika. Jibu lilichelewa. Katika miaka ya 1980, huko New York, Jerome Posner na wenzake walizikuta kingamwili katika damu ya wagonjwa wa namna hiyo. Uvimbe hubeba protini ambazo kwa kawaida ni za ubongo na neva. Kinga ya mwili ikiinuka kuupiga, inazipiga na neva.

Kisha 2007, Josep Dalmau na wenzake, Philadelphia, wakaandika habari za wanawake 12 ambao ubongo wao ulishambuliwa kwa njia hiyo hiyo. Ugonjwa kama wao mara nyingi huanza kama mafua, kichwa kikiuma. Siku chache baadaye mgonjwa anaona yasiyokuwepo, anapiga mayowe, mdomo unatafuna hewa, degedege linamshika, mwisho hata pumzi inadai mashine. Wote 12 walikuwa na teratoma, karibu wote kwenye ovari: uvimbe ambao aghalabu si saratani, wenye nywele, meno pengine, na chembe za ubongo ndani yake. Ukiondolewa mapema, na kinga ikatulizwa kwa dawa, wengi hupona.

Sasa niambie, ni shehe gani wa Biryogo asingeona jini hapo? Na daktari wa 1985, awe Ndera au Paris, angeandika nini zaidi ya wazimu? Siwalaumu.

Kinachonikera ni utengano uliobaki. Tiba ya saratani ilipata makao yake Butaro mwaka 2012, milimani Burera. Mionzi ikafuata Kanombe, hospitali ya jeshi, 2019. Kichwa kikabaki Ndera, uvimbe ukaenda kwingine.

Kupima kingamwili zile kunataka maabara ya gharama. Lakini uvimbe wa ovari mara nyingi huonekana kwa ekografi, mashine ile ile inayotazama wajawazito katika hospitali za wilaya. Ningekuwa na amri, kila binti mwenye wazimu wa ghafla na degedege angetazamwa tumbo siku anayofika, kabla hajaongezewa dawa za kutuliza wazimu, ambazo wagonjwa hawa huzistahimili vibaya.