Mashine ya mkate

Mashine ya mkate ni kifaa cha umeme cha jikoni kinachochanganya na kukanda unga wa ngano, kuliacha donge liumuke, kisha kulioka ndani ya chombo kilekile hadi liwe mkate. Imekusudiwa matumizi ya nyumbani, hasa kwa mtu ambaye hakujifunza kuoka. Mtumiaji hupima mahitaji, huyatia ndani, huchagua programu na kubonyeza kitufe. Baada ya muda wa saa 3 hadi 4 hutoa mkate mmoja. Programu za haraka humaliza mapema zaidi, lakini mkate wake huwa mzito kwa sababu haukupata muda wa kutosha wa kuumuka.

Historia

Mashine za kukandia zilitangulia mashine za mkate. Mwaka 1894 Joseph Lee, Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani na baadaye kuwa mwenye hoteli, alipata hataza ya mashine ya kukandia. Wakati mwingine hutajwa kuwa ndiye mvumbuzi wa mashine ya mkate, lakini chombo chake kilikanda tu. Kuoka kulibaki kwenye tanuri.

Kifaa cha nyumbani kinachofanya kazi zote kilitoka Japani. Mwaka 1985 kampuni ya Matsushita Electric ya Osaka (iliyobadili jina kuwa Panasonic mwaka 2008) ilikuwa ikihangaika na mashine ambayo mkate wake uliiva kupita kiasi nje na kubaki mbichi ndani. Wahandisi walipiga hata picha za eksirei za donge lililokandwa na mashine na lile lililokandwa na mwokaji, bila kupata jibu. Hapo mtaalamu wa programu Ikuko Tanaka alikwenda kujifunza kazi kwa mwokaji mkuu wa Osaka International Hotel, iliyosifiwa kwa mikate yake. Aligundua kwamba mwokaji huyo alikuwa na namna yake ya kulivuta donge huku akilisokota. Ili kuiga mkono huo, matuta madogo yaliongezwa ndani ya chombo cha kukandia. Mashine hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1987.

Kisa hiki kilipata umaarufu kupitia maandishi ya Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi, waliokitumia kuonyesha jinsi ujuzi uliomo mikononi mwa fundi unavyoweza kugeuzwa kuwa maelekezo ya mashine. Mwaka 2007 Rodrigo Ribeiro na Harry Collins walipinga maelezo hayo. Kwa maoni yao ujuzi wa mwokaji haukuhamia wote ndani ya mashine. Pengo lililobaki huzibwa na watu wanaoitumia, bila wao wenyewe kutambua. Mtu yeyote aliyewahi kutoa mkate uliobonyea ataelewa hoja hiyo.

Utendaji

Ndani ya mashine mna chombo cha chuma kilichopakwa dawa ya kuzuia kugandisha. Chini yake huzunguka bapa dogo linaloitwa kikandio, na pembeni kuna koili ya umeme. Kukanda huunganisha protini za ngano kuwa utando unaovutika, yaani gluteni. Hamira, ambayo ni kuvu hai, hula sukari na kutoa gesi ya dioksidi kabonia. Utando huzuia gesi hiyo isitoroke, na donge huumuka. Ndiyo sababu unga wa mahindi au muhogo peke yake hauwezi kutoa mkate wa namna hii, hata mashine ingekuwa nzuri kiasi gani.

Kazi inayobaki kwa mtumiaji

Mashine haioni wala haigusi. Haijui kama unga ni mkavu, kama hamira imekufa au kama maji yamezidi. Kwa hiyo asiyejua kuoka hunufaika zaidi akinunua mizani ndogo kuliko akinunua mashine ya bei kubwa. Kikombe kimoja cha unga uliochotwa kwa kushindilia huzidi sana uzito wa kikombe cha unga uliochekechwa, na tofauti hiyo inatosha kuharibu mkate.

Kipimo cha kuanzia kwa mkate wa kawaida ni unga mweupe wa ngano gramu 500, maji mililita 320, mafuta au siagi gramu 20, sukari kijiko kimoja cha chakula, chumvi gramu 8 na hamira kavu gramu 5. Mpangilio wa kutia hutegemea mashine: nyingine hutaka maji kwanza na hamira mwisho, nyingine kinyume chake. Unga usiokobolewa hunywa maji zaidi.

Dakika 5 hadi 10 baada ya kukanda kuanza, mfuniko ufunguliwe na donge litazamwe. Linatakiwa kuwa mviringo laini unaojitenga na kuta za chombo. Likikatika vipandevipande huongezwa maji, kijiko kimoja kimoja. Likiwa uji huongezwa unga vivyo hivyo. Kufungua wakati huu hakuna madhara. Wakati wa kuumuka na kuoka mfuniko haufunguliwi ovyo, maana joto hupotea na mkate unaweza kushuka.

Mkate uliobonyea juu mara nyingi umetokana na maji au hamira nyingi, au chumvi iliyosahauliwa, kwani chumvi huzuia hamira isikimbie. Mkate mgumu kama tofali huashiria hamira iliyokufa. Hamira hujaribiwa kwa kuitia katika maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo. Isipotoa povu baada ya dakika 10 haifai. Tundu lililo chini ya mkate si kosa, ni alama ya kikandio.

Matumizi katika Afrika Mashariki

Penye joto la pwani, kama Dar es Salaam au Mombasa, donge huumuka upesi, hivyo maji ya baridi na hamira pungufu hufaa. Kuiachia mashine ianze yenyewe usiku kuna hatari ikiwa kuna maziwa au mayai, ambayo huharibika kwa kukaa kwenye joto. Nairobi, iliyo juu sana kuliko usawa wa bahari, hamira hupunguzwa pia, kwa kuwa gesi hutanuka zaidi.

Mashine iliyoletwa kutoka Marekani (volti 120) au Japani (volti 100) huungua ikichomekwa kwenye umeme wa volti 230 au 240 bila transfoma. Umeme ukikatika, mashine nyingi hukumbuka hatua iliyofikiwa kwa dakika chache tu. Donge halitupwi: huhamishiwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kuokwa kwa makaa, chini na juu ya mfuniko, kama keki ya mkaa.

Programu ya kukanda tu ndiyo yenye manufaa mapana zaidi hapa, maana donge lake hufaa kwa maandazi, mahamri na skonzi.

Mkate hutolewa mara tu unapoiva, la sivyo ganda hulowa kwa mvuke, na hukatwa ukishapoa. Kwa kuwa hauna dawa ya kuhifadhi, penye unyevu huota ukungu baada ya siku chache. Slesi zinazobaki huwekwa kwenye friza.