Fotodaiodi

Fotodaiodi ni kifaa kidogo cha nusukipitishi kinachobadilisha nuru kuwa mkondo wa umeme. Katika mawasiliano ya mkongo hukaa upande wa kupokea: leza hutuma data kwa kubadilisha nuru ndani ya uzi wa kioo, nayo fotodaiodi huirudisha data hiyo katika umbo la umeme.

Namna inavyofanya kazi

Fotoni ikifyonzwa na nusukipitishi huachilia elektroni moja na kuacha tundu mahali pake. Volti ya daiodi huvuta elektroni upande mmoja na tundu upande mwingine, hivyo mkondo hutokea. Silikoni haifai kwa mkongo wa masafa marefu, kwa sababu haifyonzi nuru yenye urefu wa wimbi unaozidi takriban nanomita 1,100, ilhali mkongo hutumia nanomita 1,310 na 1,550. Hivyo hutumika gerimani au mchanganyiko wa indi, gali na arseniki.

Kasi

Kasi hutegemea muda wa elektroni na matundu kuvuka tabaka linalofyonza nuru. Tabaka jembamba huvukwa haraka, lakini hufyonza nuru kidogo. Njia mojawapo ya kutatua tatizo hilo ni kuingiza nuru kutoka ubavuni, ipite kwa urefu wa tabaka. Mwaka 2021 watafiti wa taasisi ya IHP nchini Ujerumani walitangaza fotodaiodi ya gerimani yenye upana wa masafa wa gigahezi 265.

Matumizi nchini Tanzania

Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaoendeshwa na TTCL, ulianza mwaka 2009. Mwaka huohuo mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam. Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012, uko takriban kilomita 900 kutoka hapo kwa mstari ulionyooka. Katika uzi bora wa kioo, baada ya kilomita 100 hubaki takriban asilimia 1 tu ya nuru iliyotumwa. Kwa sababu hiyo nuru hukuzwa njiani, na kipokezi lazima kiweze kutambua nuru hafifu.

Kwa mikoa ya mbali kama Katavi, kipokezi chenye kasi kina faida ya pekee: pamoja na leza mpya, huweza kuongeza uwezo wa mkongo uliokwisha kufukiwa, bila kuchimba mtaro mwingine.