Barua ya Kazeh na Dhamana ya Mpangaji

Tarehe 7 Novemba 1857, Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliingia Kazeh, makazi ya wafanyabiashara katika Unyanyembe, ambayo leo yamo katika eneo la Tabora. Walikuwa safarini kutoka pwani kwa zaidi ya miezi minne. Walikuwa na barua ya utambulisho kutoka Unguja, iliyoandikwa kwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyejulikana kwa jina la Musa Mzuri. Musa hakuwapo, alikuwa Karagwe. Hata hivyo Mwarabu mmoja, Snay bin Amir, aliwapokea, akawapa tembe ya kukaa, akawa mwenyeji na wakala wao.

Nimeikumbuka barua ile baada ya mwanafunzi mmoja kunisimulia alivyohangaika kutafuta chumba mjini Tabora. Dalali alitaka ujira wa kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, barua ya serikali ya mtaa, na mdhamini mwenye ajira ya kudumu. Kijana hadaiwi na mtu, lakini alionekana hafai. Aliniuliza: kwa nini nasi tusifanye kama Marekani, ambako mwenye nyumba huangalia kumbukumbu za mikopo ya mwombaji kabla ya kumpa ufunguo? Swali lake ni zuri, na njia ya misafara ina la kutufundisha.

Biashara ya misafara iliendeshwa kwa mkopo. Nguo, shanga na waya za shaba zilichukuliwa Unguja kwa ahadi, na deni likalipwa kwa pembe za ndovu baada ya miezi mingi, mara nyingine miaka. Hakukuwa na benki ya kumchunguza mkopaji. Tajiri aliuliza watu: huyu ni mtoto wa nani, aliwahi kusafiri na nani, deni la safari iliyopita alilimalizaje? Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, alipata mtaji kutoka kwa tajiri wa Kihindi wa Unguja, Taria Topan. Lakini hakuwa mtu asiyejulikana. Baba yake alikuwa na makazi Unyanyembe na alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Sifa ya mkopaji ilihifadhiwa katika vinywa vya watu, na waliomsifu walijulikana kwa majina.

Pale ambapo sifa haikutosha, nyumba iliingia. Unguja ulikuwapo mkataba ulioitwa bei ya khiyari. Mwenye nyumba au shamba alimuuzia mkopeshaji mali yake, huku akibaki na haki ya kuikomboa ndani ya muda waliokubaliana. Mara nyingi muuzaji aliendelea kukaa humo humo, akilipa kodi. Kwa kuwa dini inakataza riba, kodi ile ilishika nafasi yake. Mwanahistoria Thomas McDow, katika kitabu chake cha mwaka 2018, ameonyesha jinsi mikataba ya aina hii ilivyowasaidia watu kupata mali na muda wa kwenda bara. Tazama basi: mtu aliweza kuwa mpangaji katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, kwa sababu ya shehena iliyokuwa njiani kuelekea Tabora. Mkopo na pango vilishikana mikono zamani, kabla ya kompyuta.

Tusiyapambe mambo hayo. Uaminifu ule ulikuwa wa wenye mali kwa wenye mali. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba shehena begani hakuandikiwa barua ya kumfungulia mlango wa tajiri. Mtumwa hakukopeshwa, yeye mwenyewe alihesabiwa kuwa mali. Na mfumo ulikuwa na tundu lake: wapo wafanyabiashara walioelemewa na madeni ya Unguja, wakabaki bara wasirudi pwani. Umbali ulimkinga mdaiwa. Ulimkinga mlaghai, lakini ulimkinga pia mtu aliyeangushwa na vita au maradhi, akapata mahali pa kuanza upya.

Ukoloni ulileta kipimo kingine. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza katika Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Asiye mwenyeji aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kudai deni hilo mahakamani, isipokuwa mkopo uwe umeidhinishwa kwa maandishi na ofisa wa serikali. Ilielezwa kuwa ni kinga dhidi ya madeni mabaya. Matokeo yake yalikuwa kwamba mfanyabiashara mwenye duka hakuwa na sababu ya kumwamini Mwafrika, hata kama Mwafrika huyo alikuwa amelipa kila senti maishani mwake. Mtu hakuulizwa tena, "Umelipaje?" Aliulizwa, "Wewe ni wa kundi gani?"

Leo tunazo kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012 zinazosimamia taasisi za taarifa za mikopo. Benki hupeleka humo kumbukumbu za wateja wao, na hilo ni jambo jema kwa mkopeshaji. Lakini kumbukumbu ya mkopo si kumbukumbu ya upangaji. Mwanafunzi aliyelipa kodi ya chumba kwa miaka mitatu bila kuchelewa hana alama yoyote kule, kwa sababu aliyempokea fedha hakumpa hata stakabadhi. Aliyechelewesha mkopo mara moja, baada ya kuuguliwa na mzazi, anayo alama. Tukiikabidhi kanzidata hiyo funguo za nyumba bila kufikiri, tutamwadhibu wa pili na hatutamwona wa kwanza.

Hata Marekani, wanakotutolea mfano, sheria ya mwaka 1970 inamtaka anayemkataa mtu kwa sababu ya taarifa hizo amjulishe, ili aweze kuziona na kuzipinga. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayompa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake na kudai zisahihishwe. Watumishi wa umma wanaosoma hapa waanzie hapo, na waongeze mambo mawili: stakabadhi ya kodi iwe haki ya kila mpangaji, na kosa la zamani liwe na mwisho wake, kwa kuwa sasa hakuna tena umbali wa kumkinga mtu.

Nilimjibu mwanafunzi wangu kwamba kipimo cha rekodi si kibaya kuliko kipimo cha miezi sita kwa mkupuo, ambacho hupima mfuko wa mzazi tu. Ila aulize kwanza nani ameiandika rekodi hiyo, na kama yeye ataruhusiwa kuisoma. Barua ya Kazeh ilisafiri mikononi mwa watu iliowahusu, na aliyeiandika alijulikana.