Dhahabu ya Kilwa na Cheti cha Mreno

Mashua hutoka Kilwa Masoko, na kabla hujakaa sawasawa juu ya ubao umeshafika Kisiwani. Jengo la kwanza kukukabili ufukweni ni Gereza. Kuta zinazoonekana leo zilijengwa na Waomani kiasi cha mwaka 1800, juu ya mabaki ya ngome ambayo Wareno waliijenga mwaka 1505. Neno lenyewe tumelirithi kwa Wareno: kwao igreja ni kanisa. Kwetu likawa nyumba ya kufungia watu.

Nilikwenda kufuata njia ya dhahabu. Kutoka Gereza ni hatua chache hadi Msikiti Mkuu wenye kuba zake, kisha ukiambaa pwani kuelekea mashariki unafika Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lililo juu ya jabali, lenye birika la pembe nane. Mwaka 1331 Ibn Battuta alikuta hapa mji wa kifahari, na kilichougharimia ni dhahabu. Ilichimbwa bara, kwenye nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala, ikapanda majahazi kuja Kilwa. Kutoka huku zilikwenda nguo za Gujarat na shanga. Sarafu ya sultani huyo imeokotwa kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, mamia ya maili kutoka baharini.

Julai 1502 Vasco da Gama alitia nanga mbele ya mji huu akiwa na mizinga. Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, alitakiwa achague: akubali kuwa chini ya Mfalme Manuel wa Ureno na kulipa kodi ya dhahabu, au mji upigwe. Akalipa mithkali 1,500, yaani zaidi ya kilo sita. Julai 1505 akaja Francisco de Almeida, na safari hii mji ukatekwa na kuporwa. Ibrahim alikimbia, na Muhammad Ankoni akatawazwa kwa ridhaa ya Wareno. Mwezi uliofuata Mombasa ikachomwa moto. Mwaka huohuo Wareno wakajenga ngome nyingine Sofala, mlangoni pa dhahabu yenyewe.

Lakini ngome peke yake haitawali bahari. Kilichokusudiwa kuitawala kilikuwa kipande cha karatasi. Wareno walikiita cartaz, jina lenye asili moja na karatasi yetu, kwa maana yote mawili yametoka kwenye Kiarabu. Nahodha wa jahazi alipaswa kukinunua kwa maofisa wa Kireno, kionyeshe anakotoka na anakokwenda, kisha apitie kwenye bandari zao alipe ushuru. Akikamatwa bila cheti, chombo na shehena vilichukuliwa. Hebu fikiri: watu ambao babu zao walikuwa wakisafiri kwa kufuata kaskazi na kusi bila kuomba ruhusa ya yeyote, sasa wananunua ruhusa ya kupita kwenye bahari yao. Mimi naita huo unyang'anyi uliotiwa muhuri.

Nao haukuleta utajiri ambao Wareno waliuota. Wauza dhahabu wa Sofala hawakuvutiwa na bidhaa za Ulaya. Walitaka zilezile nguo za Gujarat na shanga walizozizoea. Ikawalazimu Wareno wenyewe wazitafute India. Wafanyabiashara wa Kiswahili, waliozuiwa kupeleka nguo Sofala, hawakukaa kulia. Walihamishia shughuli zao Angoche, wakaingia bara kwa Mto Zambezi, na dhahabu ikawafuata huko. Ngome ya Sofala ikabaki inalinda forodha isiyo na mzigo.

Kilwa iliumia zaidi. Ilikuwa imeishi kwa kukaa katikati ya Sofala na bahari ya kaskazini, na katikati hapo ndipo Mreno alipojipachika. Wafanyabiashara wakahama mmoja mmoja. Mwaka 1512 Wareno nao wakaiacha ngome yao, miaka saba tu baada ya kuijenga. Baadaye, mwaka 1593, walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa, na Waomani wakaitwaa Desemba 1698 baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili.

Njia niliyokuwa naifuata haiishii Kisiwani. Inavuka hadi Lisbon, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale. Humo kuna chombo cha ibada ya Kikatoliki, cha dhahabu na rangi za kung'aa, kilichofuliwa na sonara Gil Vicente kwa amri ya Mfalme Manuel. Ni kazi nzuri ajabu, na Ureno inakihesabu miongoni mwa hazina zake kubwa.

Mwalimu wa historia unayesoma makala hii, ukiwafikisha wanafunzi wako kwenye somo la Wareno, usiishie kwenye majina ya manahodha. Waonyeshe picha ya chombo hicho, kisha uwasomee maandishi yanayozunguka kitako chake. Yanasema kwamba mfalme aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506.