Jinsi ya kuomba punguzo kwa Kikorea bila kumkosea mathe wa soko heshima

Uko Korea Kusini, semesta ya Machi inaanza, baridi bado inauma, na koti ulilotoka nalo Nairobi ni la kuzuia mvua tu. Ukiingia mol, koti moja linakula ganji yote ya mwezi. Form ni kwenda sokoni. Shida ni kwamba ukifika hapo na kidole na Kiingereza pekee, utalipa bei ya kwanza. Na ukiomba vibaya, mathe mwenye duka atakufungia roho kabisa.

Usijali. Sentensi chache tu zinatosha.

1. Jua pa kuomba na pa kunyamaza

Nguo, mifuko, vitambaa, soksi na zawadi kwenye masoko kama Namdaemun pale Seoul ama Gukje kule Busan, hapo unaweza kujaribu. Kuna pia Dongmyo, Seoul, ambayo itakukumbusha Gikomba: nguo zimerundikwa, na wazee wameinama wanachagua. Nguo za mtumba wao huziita *guje*.

Supamaketi, mol, mkahawa na maduka ya masaa 24, bei ni bei. Hata sokoni, duka likiwa limebandika bei kwa kila kitu, huo mtindo unaitwa *jeongchalje*, na maana yake ni kwamba haishuki. Na ukikaa Gwangjang ule chapati zao za pojo, lipa tu. Usianze kuvutana na mtu juu ya sahani.

2. Anza na salamu, halafu jina la heshima

Sema *annyeonghaseyo* na uinamishe kichwa kidogo. Muite *sajangnim*, yaani bosi, awe mwanamume ama mwanamke. Hiyo haikosei. Akiwa mathe mchangamfu unaweza kumuita *imo*, ambayo ni dada ya mama yako. Jina la kuepuka ni *ajumma*. Utalisikia kwa filamu kila saa, lakini ukimwambia mtu usoni linaweza kusikika kama umemwambia "wewe mama mzee".

3. Uliza bei na uelewe jibu

*Eolmayeyo?* Yaani, ni pesa ngapi? Tamka "olmayeyo".

Hapa ndipo wasee wengi hupotelea. *Cheon* ni thao moja. *Man* ni thao kumi, si moja. Kwa hivyo *sa-man o-cheon won* ni 45,000: *sa* ni nne, *o* ni tano. Ukichanganya hizo mbili utadhani umepata bei ya kutupa, kumbe umekubali mara kumi. Ukiwa na wasiwasi, mpe simu aandike kwa kikokotoo. Hakuna aibu.

4. Sasa omba

Sentensi yenyewe ni hii: *Jom kkakka juseyo.*

*Jom* ni "kidogo". *Kkakka* inatoka kwa neno la kukata ama kumenya, kama unavyomenya tunda. *Juseyo* ni "nipatie, tafadhali". Kwa hivyo unasema, nikatie kidogo tafadhali. Kuikumbuka ni rahisi: *kkakka* inakaribia sana "kaka", ila kaza koo bila kutoa pumzi.

Usiiache *juseyo* hata siku moja. Ukisema *kkakka jwo*, maneno ni yale yale lakini hiyo ni lugha ya mabeshte na watoto. Kumwambia mtu wa umri wa nyanyako hivyo ni matusi, na hutapata hata won moja.

Unataka laini zaidi? *Jogeumman kkakka jusimyeon an dwaeyo?* Yaani, haiwezekani unipunguzie kidogo tu? Hapo umemwachia nafasi ya kukataa bila aibu, na mara nyingi ndiyo maana anakubali.

5. Akikataa

Atakwambia *an dwaeyo*, haiwezekani, ama *namneun ge eopseoyo*, sibaki na kitu. Hiyo ya pili unaijua, ni ile ile ya "hiyo ni bei ya kununua, customer". Usikasirike, mpe sababu:

- *Haksaengieyo*: mimi ni mwanafunzi.
- *Du gae salgeyo*: nitanunua mbili. Hii ndiyo ina nguvu kuliko zote.
- *Hyeongeumeuro halgeyo*: nitalipa keshi.

Akikwama kwa bei, omba nyongeza badala yake: *seobiseu juseyo*. *Seobiseu* ni kitu cha bure juu ya ulichonunua, labda pea ya soksi. Kuna wenye hawataki kushusha bei lakini watakuongezea kitu wakicheka.

6. Makosa ya kuepuka

Usianze na nusu bei. Huko si Gikomba. Koti la 45,000 likifika 40,000 umefanya poa sana. Usiponde bidhaa ya mtu ndio akupunguzie. Na akikubali bei yako, nunua. Kuomba, kupewa, halafu kuondoka ni dharau.

Asubuhi ndiyo uwe makini zaidi. Mauzo ya kwanza ya siku huitwa *masugeori*, na wafanyabiashara wengi wa zamani wanaamini mteja wa kwanza ndiye anaamua siku itakuwaje. Ni kama hapa kwetu mtu akikwambia "nifungulie". Kama unatazama tu, pita baadaye.

7. Lipa na uage

Toa pesa kwa mikono miwili, na upokee chenji hivyo hivyo. Sema *gamsahamnida*. Kama hujanunua, sema *daeume olgeyo*, nitakuja siku nyingine.

Halafu malizia na *mani paseyo*, yaani uuze sana. Ni wageni wachache huijua hiyo. Mathe akiisikia, ukirudi wiki ijayo kutafuta glavu kuna uwezekano atakukumbuka, na pengine hutahitaji hata kuomba.